Pedali isiyorudi nyumbani: gitare na lulanga pa Kasha



Wale waliokuwa pamoja nasi kwenye jioni ya mila ya mwisho, hapa kwetu Kasha, hawajasahau wimbo wa tatu. Muzee wetu wa lulanga, ambaye sitamutaja jina juu mwenyewe hapendi, alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, lulanga yake magotini. Pembeni yake kijana wa gitare, solisti wa kwaya, amesimama na pedali chini ya muguu. Komite ilikuwa imetaka vizazi viwili vikutane mbele ya watu. Nyimbo mbili za kwanza zilienda muzuri tu. Kwa ule wa tatu kijana akakanyaga pedali, gitare ikapanda sawa sauti ya mama anayeita mutoto ngambo ya bonde, na nyumba nzima ikapiga makofi. Kisha akarudisha kisigino chini. Gitare ikashuka, lakini haikufika. Ilibaki juu kidogo, kidogo tu, sawa mulango ambao mutu ameusukuma bila kuufunga. Muzee akapiga nyuzi zake mara mbili, tatu, akasikiliza, akasimamisha mukono.

"Huyu mutoto anaendaka, lakini ku nyumba harudi," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifunga lulanga ndani ya kitambaa chake, na jioni ikaendelea na ngoma peke yake.

Kwenye mukutano uliofuata wazo likatolewa: katika jioni za mila, mashine za muguu zisiingie tena. Gitare yenyewe, sawa. Ngoma, sawa. Pedali, hapana. Uamuzi haujachukuliwa bado. Utachukuliwa mbele ya jioni itakayokuja, na ndiyo maana ninaandika. Kwa maoni yangu, komite inataka kuhukumu mashine juu ya kazi ambayo mutu hakuifanya, na kijana naye anataka tumusamehe juu ya mashine. Katikati yao ni mimi musikilizaji, niliyetoka nyumbani usiku, katika matope, kuja kusikiliza vyombo viwili pamoja, na sikuvisikia.

Kwanza tuelewane juu ya chombo, kwa wale ambao hawapigi gitare. Pedali ya namna hii ni ubao mudogo wa chuma au plastiki unaopanda na kushuka chini ya unyayo. Yenyewe haitoi sauti. Ndani yake mara nyingi mna potensiometa, kitu kile kile tunachozungusha tukiongeza sauti ya redio, na kazi yake ni kuambia mashine ya sauti: sasa kisigino kiko chini, sasa muguu uko katikati, sasa vidole viko chini. Mashine ndiyo inayopandisha sauti ya gitare kadiri muguu unavyosema. Kampuni ya Marekani, DigiTech, ilitoa ile inayoitwa Whammy mwaka 1989, na kisha yake zikaja mashine nyingi za bei ndogo zinazojaribu kazi ile ile. Njo za namna hiyo vijana wetu wananunua, mara nyingi zikiwa zimekwisha kupita mikononi mwa wengine.

Sasa, mashine haioni muguu. Inasoma namba tu. Kwenye mashine nyingi safari nzima ya pedali inakatwa hatua 128, kutoka 0 mpaka 127. Ikisoma 0, gitare inaachwa vile ilivyo. Ikisoma 127, inapandishwa mpaka mwisho wa kile ulichoagiza, tuseme oktavu moja. Lakini nani ameiambia kwamba kisigino chini maana yake ni 0? Ni sisi. Pedali moja na nyingine hazifanani, na hata pedali ya mwaka jana haifanani na yenyewe ya leo, juu vumbi linaingia ndani, njia ya potensiometa inalika, mupira wa chini unabonyea. Basi mutu anapaswa kuionyesha mashine: hapa njo mwanzo, hapa njo mwisho. Vijana wanaita kazi hiyo kuregle pedali. Wengine hawaifanyi hata siku moja, na ndugu yetu alikuwa mumoja wao.

Nilienda kwake Jumamosi moja. Katika ujana wangu nilipiga akompa. Sikuwa mupigaji mukubwa, lakini masikio yangali. Nilibeba akordere yangu, kile kifaa kidogo chenye sindano kinachoonyesha kama uzi uko juu au uko chini. Alinipokea muzuri, mama yake akaleta kiti. Mbele hata sijauliza kitu akaniambia:

"Papa, ile siku ni umeme njo ulitukosesha. Ulikatika, tukawasha jenereta, mashine ikachanganyikiwa."

Sikubisha. Tulichomeka akordere nyuma ya mashine, nikamwambia apige uzi wa la, pedali ikiwa imezimwa. Sindano ikasimama katikati. Nikamwambia aamushe pedali, aache kisigino chini, apige uzi ule ule bila kugusa kitu kingine. Sindano ikaruka upande wa kuume na kubaki pale. Tulisoma karibu senti 28 juu.

Senti hizi si feza. Hatua ya kaze moja ya gitare, yaani nusu-toni, inagawanywa katika vipande 100, na kila kipande kinaitwa senti. Oktavu ina nusu-toni 12, basi ni senti 1200. Ukigawa 1200 kwa 127 unapata karibu 9 na nusu: hiyo ndiyo kazi ya kila hatua ya pedali ikiwa imewekwa kwa oktavu. Mashine ya kijana wetu ilikuwa inasoma 3 pale kisigino kiko chini kabisa. Tatu mara 9 na nusu, njo zile 28. Zaidi ya robo ya kaze. Fundi wa kwaya anaisikia, mama anayeuza mboga anaisikia pia, ingawa hatakuambia ni senti ngapi. Atakuambia tu kwamba kuna kitu kinamukera.

Umeme hauna kosa hapo. Kipimo cha pedali kinalala ndani ya kumbukumbu ya mashine, hata ukiizima. Nilipozidi kuuliza, ukweli ukatoka: pedali ya kwake ilikuwa imevunjika, na wiki ile ile alikuwa ameazima nyingine kwa rafiki wa Kadutu. Alichomeka tu, akaona inapanda na kushuka, akaamini. Mashine ilikuwa bado inakumbuka mwanzo na mwisho wa pedali iliyokufa.

Tukaregle pamoja. Nitaeleza tulivyofanya, juu komite inapaswa kujua kazi hii ni ya dakika ngapi.

Kwanza kable. Pedali ya pembeni inaomba kable yenye fishi ya miviringo miwili myeusi, si ile ya gitare yenye mumoja. Kable ya gitare inaingia ndani ya tundu bila shida, na hatari yake ni hiyo: inaingia, kisha pedali inasema uongo au haisemi kitu. Tena makampuni hayakupatana juu ya waya upi ubebe nini, kwa hiyo kuna pedali inayotembea kinyume kwa mashine fulani, au inayolala safari nzima na kuruka ghafla mwishoni. Nyingine zina kaswichi ya kugeuza. Hii ya kuazima haikuwa nayo, lakini kwa bahati ilipatana.

Kisha viatu. Alikuwa amevaa kandambili. Nilimwambia avae viatu vile vile vya jioni, na pedali tukaiweka chini, si juu ya meza. Kasha ni mulima, hata sakafu zetu nyingi zinafuata mulima, na muguu unaokanyaga ukiwa umeinama haukanyagi sawa ule ulionyooka. Wengine wanapima kwa mukono, wakiwa wamekaa kitandani. Ni sawa kupimiwa nguo ukiwa umelala.

Mashine yake inaingia katika hali ya kupima ukishikilia kifungo wakati wa kuiwasha, mpaka taa ianze kupepesa. Nyingine zina njia yake ndani ya menyu, kila mutu afungue kitabu cha mashine yake. Inaomba kisigino chini: unaweka, unabonyeza. Inaomba vidole chini: unakanyaga, unabonyeza. Kwisha. Ni dakika mbili.

Lakini pale kuna ujanja. Ukikanyaga kwa nguvu zako zote wakati wa kupima, mashine itashika kwamba mwisho ni pale nguvu zote zilipofika. Jioni, ukiwa unaimba na kuangalia watu, hautakanyaga vile. Utafika 124, na oktavu yako itakuwa senti 28 chini: kosa lile lile, upande mwingine. Kwa hiyo tulikunja karatasi mara nne, tukaiweka chini ya ubao upande wa kisigino, tukapima mwanzo. Tukaihamishia upande wa vidole, tukapima mwisho. Kisha tukaitosha. Sasa pedali ikifika chini kabisa inapita kidogo pale tulipopima, na mashine inahesabu 0 tu, au 127 tu. Muguu unapata nafasi ndogo ya kukosea bila sauti kukosea.

Tukarudia uzi wa la. Kisigino chini, sindano katikati. Vidole chini, la ya juu, sindano katikati. Mara kumi polepole, mara kumi haraka, juu potensiometa iliyochakaa inaweza kusema kweli ukienda polepole na kudanganya ukienda mbio. Yote pamoja, na chai ya mama yake, nusu saa. Bila chai, robo.

Hapo kijana alifikiri tumekwisha, na mimi nilifikiri vile mpaka nilipokuwa njiani kurudi. Juu nilikuwa nimesahau lulanga.

Kwa wasomaji wasiokuwa Bashi: lulanga ni ubao uliochimbwa sawa sinia ndefu, na juu yake uzi unapita ukienda na kurudi kati ya meno ya ncha mbili. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wanayo, wanaiita inanga. Mwanachuoni wa Marekani, Alan P. Merriam, alifika kwa Bashi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 akaandika makala juu ya ala zetu na namna ya kuzipiga. Kumbe kabla yetu kuna watu walioketi chini kusikiliza. Ukikaza sehemu moja ya uzi, jirani yake inasikia. Muzee anavuta hapa, anasikiliza kule, anarudi pale alipotoka. Anaimba kwa sauti ndogo, anavuta tena. Jioni ile alifanya hivyo mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia aharakishe. Watoto wenyewe walinyamaza. Na kijana alipewa muda gani? Aliitwa jukwaani mutu wa komite akiwa ameshika saa mukononi, programu ikiwa imechelewa. Komite yetu inasema inatetea mila. Mila niliyoiona mimi kwa macho ni kwamba mutu haanzi wimbo mbele ya chombo chake hakijakubali. Tulimupa muzee haki hiyo, kijana tukamunyima, kisha tukamushitaki.

Lakini kuna jambo la pili, na hilo ni la kijana mwenyewe. Muzee haangalii sindano. Anaweka lulanga kwa sauti yake, na sauti yake ya usiku wa baridi si ile ya muchana. Kijana aliweka gitare kwa 440, yaani la inayotikisika mara 440 kwa sekunde, kipimo kilichopendekezwa kwa mataifa kwenye mukutano wa London mwaka 1939. Hakusikiliza lulanga hata mara moja mbele ya kuanza. Hata kama pedali ingerudi nyumbani kabisa, nyumba zilikuwa mbili. Nyimbo mbili za kwanza tuliwasamehe juu gitare ilikuwa inapiga kidogo tu, kwa nafasi. Sasa ninafikiri Muzee alikuwa amevumilia tangu mwanzo, na zile senti 28 zilikuwa mzigo wa juu ya mzigo.

Katika hili pedali haina ubishi. Haijui 440, haijui la. Inajua kuongeza tu, na ikisoma 0 haiongezi kitu. Mutu akiakorde gitare kwa kufuata lulanga, kisigino chini kitafuata lulanga. Sindano ni ya kupimia mashine. Kupatana na Muzee ni kazi ya sikio.

Na hapa ninafika kwa neno ambalo wanaotaka kukataza pedali hawajalifikiria, nadhani. Gitare ina kaze. Kaze zinatengwa na vyuma vilivyopigwa kiwandani, na kati ya kaze moja na nyingine hakuna sauti, isipokuwa uvute uzi. Lulanga haina kaze. Sauti ya mutu haina kaze. Mashi ni lugha ya toni: sauti ikipanda au kushuka, neno linaweza kugeuka maana, na mwimbaji hawezi kuliachilia neno liende popote. Nimemusikiliza Muzee mara nyingi. Katika wimbo ule wa tatu kuna mahali gitare inataka kuweka toni nzima, na yeye anaweka kitu kifupi kidogo kuliko toni nzima, kila mara pale pale, bila kukosea. Gitare peke yake itamupita. Itasimama kwenye kaze yake na kungoja, na wawili watalia pamoja bila kupatana. Pedali iliyopimwa muzuri inaweza kusimama pale aliposimama yeye. Kwa hiyo kile chombo tunachokiita cha kigeni ndicho kinachoweza kutosha gitare ndani ya kaze za kiwanda na kuileta karibu na muzee. Tukikifukuza, tutabaki na gitare isiyoweza kumufuata, na tutaiita hiyo ndiyo ya mila.

Lakini si pedali iliyowekwa kwa oktavu. Nilimuuliza kijana kwa nini alichagua oktavu.

"Papa, ni juu batu banapenda kusikia inapanda sana."

Ni kweli, walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Lakini ule wimbo, toka mwanzo mpaka mwisho, sauti ya Muzee haiendi mbali. Ni wimbo wa mutu anayesema na jirani yake. Kuingiza ndani yake oktavu nzima ni sawa kuingia kwenye kilio ukipiga filimbi. Tena alikanyaga mwisho wa kila mustari, bila kuacha hata mumoja, mpaka mutu akajua mapema: sasa itapanda. Kwa wimbo wa sebene, watu wakiwa wamesimama wanacheza, ningenyamaza. Pale sikunyamaza, na sitanyamaza.

Hesabu pia inakataa oktavu. Mashine nyingi zinakubali uchague pedali ipande mpaka wapi. Ukiiweka kwa toni moja, yaani senti 200, kila hatua inakuwa senti moja na nusu hivi, ambayo sikio la mutu haliikamati. Sauti inapanda laini, na muguu unaweza kutafuta mahali pa Muzee na kupapata. Kwa oktavu, toni nzima inakaa ndani ya sehemu ya sita tu ya safari ya muguu. Utafute pale kitu kilicho kifupi kuliko toni, na kiatu cha kwaya! Na kama siku moja kipimo kitaharibika tena na kisigino kikasoma 3, kosa litakuwa karibu senti 5, si 28. Wengi hawatalisikia.

Niongeze neno dogo kwa wanaopiga. Mashine nyingi za zamani zinajua uzi mumoja kwa mara. Ukipiga nyuzi mbili au tatu pamoja na kukanyaga, sauti inatetemeka sawa mulevi kwenye ngazi. Hilo haliponi kwa kuregle wala kwa karatasi iliyokunjwa. Upige uzi mumoja.

Wazee wa komite watauliza: tangu lini mila inatembea na vyuma chini ya muguu? Mimi ninauliza: tangu lini gitare yenyewe ni ya kwetu? Mwenda Jean Bosco, ambaye leo tunamuhesabu muzee wa gitare ya Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey pale Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Hiyo ni jana. Kuna wapigaji waliofunga kalamu kwa mupira juu ya shingo la gitare ili nyuzi zote zipande pamoja, na sijasikia mutu akisema kalamu inaharibu desturi. Na wapigaji wa Kongo walipotaka oktavu ndani ya gitare bila mashine, walitosha uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu. Njo gitare ya mi-composé. Oktavu ya namna hiyo haitegemei muguu wa mutu. Imekwisha kuakordiwa mbele wimbo haujaanza. Kijana anayetaka oktavu kwa kila njia afikirie uzi huo, ni bei ndogo kuliko mashine.

Kwa kuteleza, tuko na Docteur Nico, Nicolas Kasanda, aliyezaliwa Mikalayi, Kasai, mwaka 1939, akafa 1985. Katika baadhi ya nyimbo zake za miaka ya 1960 alipiga gitare ya Hawai, ile inayotelezeshwa chuma juu ya nyuzi. Pale hakuna kaze zinazomushika mutu. Ukisikiliza leo sahani hizo, angalia anapofika. Kila alipoteleza alijua anakwenda wapi, na chuma kilisimama pale pale, si mbele, si nyuma. Wamarekani nao wana gitare ya kulaza yenye pedali, na kila pedali ina mahali pa kurekebisha kuvuta kunaishia wapi. Mupigaji anaakorde mara mbili: uzi ukiwa umelegea, na uzi ukiwa umevutwa. Mwanzo na mwisho, sawa tulivyofanya sisi na karatasi. King Sunny Adé wa Nigeria aliiingiza gitare ile ndani ya juju, muziki wa Wayoruba, na juju haikufa.

Basi ninaomba komite hivi. Isikataze. Iweke katika programu dakika 20 mbele ya watu kuingia, na ziheshimiwe hata kama jioni imechelewa. Muzee aweke lulanga yake kwanza, kwa muda wake. Kisha gitare ifuate lulanga, bila sindano. Kisha pedali ipimwe pale pale chini, na viatu. Na mupigaji asiye na wakati wa kufanya hivyo, apige bila pedali usiku huo. Kama katazo litapita hata hivyo, nitalifuata, lakini nitaandika tena.

Neno la mwisho ni juu ya Jumapili iliyopita. Nilimupeleka kijana kwa Muzee, upande wa Ciriri. Alibeba gitare, mashine, pedali ya kuazima na ka-ampli kadogo ka batri. Muzee alikuwa ameketi inje, na kasiksi ilikuwa tayari ndani ya kibuyu. Hakuonyesha furaha wala hasira. Alifungua kitambaa, akaanza kuvuta uzi, na tulikaa pale bila kusema, labda robo saa, kuku wakipita katikati yetu. Alipomaliza akapiga mara moja na kumutazama kijana. Kijana akatafuta uzi wa kwanza kwa sikio, akaukosa, akaupata. Wa pili ukamutesa. Muzee alimupigia sauti ile ile mara nne, tano, bila kuchoka, sawa anavyofundisha wajukuu. Kisha kijana akavaa viatu vyake, akaweka pedali juu ya udongo, akaipima, na karatasi.

Walipiga wimbo wa tatu. Pedali ilikuwa kwa toni moja. Mahali pale pafupi, mara ya kwanza gitare ilipita. Mara ya pili ilisimama karibu. Mara ya tatu sikuweza kusema ni nani kati yao aliyelia. Kijana hakukanyaga mwisho wa kila mustari. Alikanyaga mara mbili tu katika wimbo muzima, na kisigino kiliporudi chini, lulanga na gitare vilikuwa mahali pamoja.

Muzee akaweka mukono juu ya nyuzi.

"Sasa inarudi," akasema. "Lakini inarudi mbio, sawa mutu anakimbia mvua. Nani anamufukuza?"

"Hakuna, Muzee."

"Basi atembee. Tuanze tena."

Kijana akainama kuangalia kama karatasi imebaki chini ya ubao. Haikuwapo. Akasimama, wakaanza tena.